Kwa Usalama Wenu

Katika kiwanda kile cha mikate kila mtu alimwita Makaa. Jina hilo alibandikwa zamani, tanuri lilipokuwa bado linakula kuni na makaa na yeye akiwa kijana wa kulilisha. Baadaye tanuri likawa la gesi, mameneja wakaja na kuondoka, yeye akapanda kutoka mlisha moto hadi mchomaji mkuu, lakini jina halikung'oka. Hata mkewe alimwita hivyo akiwa na hasira naye. Akiwa hana hasira alimwita mzee.

Asubuhi moja, ugonjwa ulipokuwa umeanza, wafanyakazi walipangwa uani, kila mmoja mbali na mwenzake kama miche shambani. Meneja alipanda juu ya kreti la plastiki, barakoa imemshuka chini ya pua, akasema waliotimiza miaka hamsini na tano kwenda mbele wahamie mkono wa kushoto. Wakahama. Pembeni ya Makaa alisimama Mizani, mpima unga, mtu ambaye mdomo wake haukujua kupumzika.

"Mbuzi wakitengwa makundi mawili," Mizani alinong'ona, "kundi moja ni la kuchinjwa. Sijui ni lipi."

"Ugonjwa huu hauwapendi watu wazima," meneja akaendelea. "Lakini sisi tunawapenda. Kwa hiyo mtakaa nyumbani mpaka hali itulie. Ni kwa usalama wenu. Nusu mshahara mtapata, na kazi zenu zipo palepale, hazina miguu ya kukimbia."

Watu wakapiga makofi kidogo, maana waliona wamefanyiwa hisani. Makaa naye alipiga. Alivua aproni yake, akaikung'uta unga, akaitundika kwenye msumari wake. Alipofika getini alitaka kurudi kumwambia kijana aliyekuwa akimsaidia tanurini kwamba trei za upande wa kulia zingekuwa zimeshaiva, kisha akaona ataonekana mtu asiyeweza kuondoka, akaondoka.

Mkewe alikuwa muuguzi mstaafu, na mtaa ulimwita Sista hata baada ya kuvua sare. Alimtangulia mumewe kuja duniani kwa miaka mitatu na hakuacha kumkumbusha, hasa walipobishana. Alistaafu mwaka uliopita, na tangu hapo alikuwa akifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote, kulala mpaka jua lichomoze. Alipomwona mumewe mlangoni saa za kazi, aliweka kikombe chini.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nimerudishwa."

"Umekosa nini?"

"Nimezeeka."

Sista alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

Mwanamume aliyezoea kutoka alfajiri akishinda nyumbani huwa kama kabati lililosahauliwa katikati ya sebule, kila apitaye hujigonga. Makaa alirekebisha milango isiyolia. Alipanga sufuria upya, kubwa chini ndogo juu, mpaka Sista akawa hazioni. Alimsimamia jikoni akimwambia anapoteza joto kwa kufunua funua.

"Hili ni jiko la watu wawili," Sista alimjibu. "Si tanuri la mji mzima. Toka nje ukahesabu ndege."

Nusu mshahara ulikuja, ukaja tena, kisha ukapungua, kisha mhasibu akaanza kutopokea simu. Binti yao wa pekee, aliyeolewa mji wa mbali, alituma alichoweza, na kila alipotuma Makaa alishukuru kwa sauti ya chini kama mtu aliyekanyagwa na kuombwa radhi. Pensheni ya Sista ndiyo iliyowasha moto wa nyumba ile. Walikula. Ila Makaa alianza kuchota kidogo mezani, na mkewe alipomuuliza alisema hana njaa, mtu asiyefanya kazi njaa yake inatoka wapi.

Ndipo hospitali ikapiga simu. Sista alipokea akiwa uani anaanua nguo, akasikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, nimeelewa, akakata.

"Wanawaita wastaafu," alisema. "Wauguzi wamewaishia. Wengine wanaumwa, wengine wamekimbia."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia nitakwenda."

"Ngoja nielewe. Mimi nina hamsini na nane, naambiwa nikivuka lango la mikate nitakufa. Wewe una sitini na moja, unaambiwa uende ukalale na wagonjwa wenyewe. Hii ni akili ya wapi?"

"Ni akili ya shida. Wa kuchoma mikate wanaye. Wa kumgeuza mgonjwa kitandani hawana."

"Na wewe mguu wako ule, na presha yako?"

"Nitakwenda navyo."

Jioni binti alipiga simu akilia. Baba, mkataze, alisema, wewe ndiye mwenye nyumba, mkataze. Makaa akapiga moyo konde. Alimkuta mkewe anapiga pasi sare, zile nyeupe alizozikunja mwenyewe mwaka uliopita na kuzifungia sandukuni.

"Mimi ni mumeo," alisema. "Nasema huendi."

Sista hakuinua macho. Alipitisha pasi kwenye kola, akaigeuza, akaipitisha tena.

"Makaa, kazi yako imekufukuza. Usiifukuze na yangu."

Maneno mengine hukwama kama mwiba wa samaki kooni, hayamezeki wala hayatemeki. Makaa alitoka nje, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kesho yake mkewe alipoondoka hakumwambia kwaheri. Aliporudi hakumwambia pole. Nyumba ikawa na watu wawili wanaopishana kama wapangaji.

Aliyeivunja baridi hiyo hakuwa mmoja wao, yalikuwa maji. Sista alikuwa ameweka sharti kwamba akitoka wodini asiingie ndani kabla ya kuoga, na bafu lao lilikuwa uani, na majira yale asubuhi na jioni palikuwa na baridi. Siku ya tatu Makaa alimsikia anatetemeka meno ndani ya bafu. Siku ya nne Sista alikuta ndoo ya maji ya moto inafuka mvuke, taulo limetundikwa juu ya mlango, na beseni la sabuni la kuvulia sare. Alioga akajimwagia mpaka tone la mwisho. Alipotoka alimkuta mumewe ameketi upande wa pili wa ua, mbali kama alivyoagizwa.

"Maji yalikuwa moto sana," alisema.

"Kazi yangu ni moto," Makaa akajibu.

Kuanzia hapo wakawa wanazungumza hivyo, ua mzima katikati yao. Yeye alilala chumbani, mkewe sebuleni na dirisha wazi. Sista alimweleza mambo ya wodini kidogo kidogo, kama mtu anayetua mzigo kwa zamu. Alimweleza juu ya dereva wa lori aliyemshika mkono usiku kucha akimwita kwa jina la dada yake. Alimweleza namna wauguzi wenzake wapya, watoto wa juzi, walivyogawana glavu, na namna mashine za hewa zilivyokuwa chache hata ikabidi daktari achague. Hakusema daktari alichagua vipi. Makaa alijikuta anamsikiliza mwanamke aliyeishi naye miaka yote hiyo kana kwamba ametoka safari ndefu na amerudi mkubwa kuliko alivyoondoka. Heshima ilipanda kifuani mwake. Na aibu ikapanda pamoja nayo, ngazi ileile.

Aibu hiyo ndiyo iliyompeleka kiwandani. Alinyoa ndevu zilizokuwa na mvi, akavaa shati la kazi, akafika getini. Bawabu alikuwa yuleyule ambaye Makaa alikuwa akimpelekea mikate iliyoungua kingo kila Jumamosi.

"Mzee Makaa! Shikamoo. Huruhusiwi kuingia."

"Naona tanuri linawaka. Mnauza mikate kuliko zamani, nasikia."

"Watu wako majumbani, wanakula. Sisi hatulali."

"Basi niingie nisaidie. Sikohoi, sina homa."

Bawabu aliinua kile kipima joto chenye umbo la bastola, akakishusha bila kukitumia. "Nikikupima mzee, utakuwa mzima. Tatizo si joto. Tatizo ni mwaka uliozaliwa."

"Mke wangu amenizidi umri na yuko wodini, anawahudumia hao hao wagonjwa."

"Huko ni hospitali, mzee wangu," bawabu alisema kwa huruma ya kweli. "Hapa ni mikate."

Makaa alirudi kwa miguu. Hakumwambia mkewe alikokwenda.

Sista aliugua mwezi ambao watu walikuwa wameanza kusema ugonjwa unapungua. Alianza kwa kutosikia harufu ya sabuni. Alijua mwenyewe ni nini. Alifungasha nguo zake, akamzuia mumewe asimkaribie, akasimama barabarani kungoja gari la wagonjwa kama mtu anayengoja basi. Walimlaza kwenye wodi aliyokuwa akiifanyia kazi.

Makaa hakuruhusiwa kuingia. Alikwenda kila siku akasimama nje ya uzio wa hospitali, upande wa madirisha, bila kujua dirisha lake ni lipi, akawa anayatazama yote kwa zamu ili asimkose. Jamaa wa wagonjwa wengine walisimama pale pia. Walizoeana, wakapeana habari, na asubuhi mtu asipoonekana hawakuulizana. Mchana mmoja daktari kijana alimpigia simu akamwambia ajiandae kwa lolote. Makaa alimuuliza mtu anajiandaa vipi kwa lolote. Daktari akasema, samahani baba, hata mimi sijui.

Lakini Sista alitoka. Alitoka kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, vidole vimekuwa virefu. Roho yake ilibaki, pumzi ndiyo iliyobaki nusu. Kutoka kitandani mpaka bafuni alipumzika mara mbili, na alipocheka alikohoa mpaka akajutia kicheko. Daktari aliandika dawa za kuvuta na dawa za kumeza, akasema zitakuwa za muda mrefu.

"Nani atazilipia?" Sista aliuliza. "Nimeugulia kazini."

Ikajulikana kwamba mkataba wa wastaafu ulikuwa wa mwezi kwa mwezi, na mwezi wake uliisha akiwa kitandani. Alikuwa ameingia wodini kama mfanyakazi na kutoka kama mgonjwa yeyote. Aliyempigia kumweleza hayo alikuwa mpole sana. Alimwita mama. Alimwambia, mama, umefanya kazi kubwa, sasa pumzika.

"Asante ya punda," Sista alimwambia mumewe. Hakumalizia, pumzi haikufika mwisho wa methali.

Pensheni yake iliendelea kuja. Ilitosha kula. Kupumua haikutosha. Basi kiwanda kilipowaita wale wazee wa mkono wa kushoto, Makaa alivaa shati lake akiwa na tumaini kubwa. Kazi hazina miguu ya kukimbia, alijikumbusha njiani. Alikuta viti vimepangwa uani, na meza yenye keki kubwa. Mizani alikuwa ameshafika, amepungua mwili, shingo inacheza ndani ya kola.

"Keki," Mizani alisema. "Umewahi kuona mtu anapewa keki halafu akaambiwa arudi kazini?"

Aliyezungumza siku hiyo hakuwa meneja, alikuwa bosi mdogo, mtoto wa mwenye kiwanda, kijana mstaarabu aliyemwamkia kila mzee kabla ya kusimama. Aliwatembeza kwanza. Mahali pa lile tanuri la gesi palikuwa na jingine, refu kama basi, linang'aa, lina kioo chenye namba. Donge linaingia huku, mkate unatoka kule umeshafungwa. Vijana wawili tu walisimama pale, na hata wao walikuwa kama wageni wa mashine ile.

"Tunajivunia sana," bosi mdogo alisema, na fahari ikamponyoka. "Tumelisubiri kwa hamu. Tuliliagiza mwaka mmoja kabla ya korona, likakwama bandarini kwa ajili ya ugonjwa huu huu. Lingekuja mapema, mngeliona mapema."

Makaa alisimama. Wengine walipita mbele, yeye akabaki anatazama namba kwenye kioo. Mwaka mmoja kabla. Kumbe siku ile anapiga makofi uani, siku ile anakung'uta unga kwenye aproni, tanuri hili lilikuwa limeshalipiwa, na watu wawili wa kulisimamia walikuwa wameshahesabiwa, naye hakuwamo. Ugonjwa haukumfukuza. Uliwapa tu maneno mazuri ya kumwambia.

Walirudishwa kwenye viti. Bosi mdogo akaeleza habari ya kustaafu kwa hiari. Kila mtu angepewa mkono wa kwaheri, fedha za mara moja, atie sahihi kwamba ameondoka kwa kupenda mwenyewe, na mfuko wa pensheni ungeanza kuwalipa wakifikisha miaka sitini.

"Kwa hiyo," Mizani alisema kwa sauti ili wote wasikie, "sisi ni wazee kwa kazi, vijana kwa pensheni."

Watu walicheka. Bosi mdogo alicheka pia, akainamisha kichwa.

Makaa akanyoosha mkono. "Bosi, nina swali. Nisipotia sahihi?"

"Utabaki mfanyakazi wetu, mzee. Ila nafasi ya kukuweka sina, na mshahara wa mtu asiye na nafasi sina." Kijana akapangusa paji la uso. "Mzee wangu, si mimi niliyeuleta ugonjwa."

"Sijakulaumu kwa ugonjwa," Makaa alisema. "Nakuuliza kwa nini hukuniambia ukweli. Ningeupokea. Nilikuwa na mwaka mzima wa kutafuta kazi kwingine, na nywele zangu zilikuwa bado zina weusi."

Bosi mdogo alimsogezea kalamu. Makaa alitia sahihi, kwa sababu nyumbani palikuwa na kichupa cha dawa kilichobaki kidogo, na mtu mwenye mgonjwa hana ubavu wa kuwa na msimamo. Keki hakuila. Mizani alikula yake, akala na ya Makaa, akasema maneno mazuri hayashibishi.

Alipomweleza mkewe, Sista alikuwa ameegemea mito miwili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Neno langu lile," alisema, "la kazi kukufukuza."

"Lilikuwa kweli."

"Ndiyo maana nataka kuliomba radhi. La uongo lisingekuuma."

Makaa alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mguu ule mbovu, akaanza kuukanda taratibu kama alivyokuwa akikanda unga miaka ya mwanzo. Lilikuwa limekwisha, angalau hilo.

Alitafuta kazi. Mikahawa ilikuwa imefungwa au inafungwa. Kwenye duka moja la keki, msichana wa mapokezi alimsifu kwa uzoefu wake kisha akamuuliza kama hana mtoto wa kiume anayetafuta kazi. Mwishowe alinunua baiskeli kuukuu, akafunga kreti nyuma, akawa mchuuzi wa mikate. Aliichukua alfajiri palepale kiwandani, kwenye kidirisha cha wachuuzi kilichokuwa ubavuni mwa geti, na kama wachuuzi wengine alilipa kwanza.

Ugonjwa ulirudi, kama walivyokuwa wamesema wenye kujua. Siku moja simu ya Sista iliita Makaa akiwa anafunga kreti. Sista aliiweka kwenye spika ili asichoke kuishika.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka hospitali. Tunawaita tena wauguzi wastaafu. Jina lako lipo kwenye orodha. Unaweza kufika lini?"

Makaa aliiacha kamba, akaja upesi kuinyakua simu, maana maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni. Sista alimzuia kwa kiganja.

"Mwanangu," alisema, akapumzika. "Wewe ni mgeni hapo?"

"Nina miezi miwili, mama."

"Wodi ya mwisho. Karibu na stoo." Akapumzika tena. "Nililazwa hapo. Baada ya kufanya kazi hapo. Hawakukwambia?"

Kikohozi kikamkamata. Kilikuwa kirefu, na yule binti upande wa pili alikisikia chote. Kilipokwisha hakuwa na la kusema ila pole mama, pole sana, sikujua, imeandikwa tu kwamba unapatikana.

"Napatikana," Sista alisema. "Sijakwenda popote. Sasa sikiliza. Barakoa yako, usiishushe kwa ajili ya mtu yeyote, hata daktari. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Akakata. Makaa alisimama pale na hasira zake ambazo hazikupata wa kumwangukia.

"Ungeniachia niwaambie."

"Ungemwambia nani? Yule mtoto?" Sista alifumba macho. "Nenda. Mikate inapoa."

Alikwenda. Jambo gumu katika kazi ile mpya halikuwa kilima wala baiskeli, lilikuwa kuita. Maisha yake yote mikate ilitoka mikononi mwake ikaenda kwa watu bila yeye kufungua mdomo. Siku za mwanzo alipita mitaani kimya kama mtu anayejificha, akarudi na nusu ya kreti. Akajilazimisha. Sauti ilitoka imekauka, ikapasuka, watoto wakamwigiza. Siku hizi ilikuwa imekomaa, na mtaa ule wa juu walishaijua.

Mama mmoja alitoka na khanga begani, akachagua miwili, akaibonyeza kama ni laini.

"Baba, kwa umri huu," alisema kwa upole, "si ungekuwa umepumzika?"

Makaa alimrudishia chenji yake, akaishika baiskeli kwenye usukani, akaanza kuisukuma kwenda mtaa wa pili.

"Mikate!" aliita. "Mikate ya leo!"